Ng'ombe Walionunuliwa kwa Macho

Ijumaa alasiri, jua la Juni likiwa limeshaanza kupoa juu ya mapaa ya Mochudi, Kelebonye alikuwa amepiga magoti uani akisugua kwa majivu sufuria la chuma la miguu mitatu. Akainua kichwa na kumwona Thatayaone amesimama nje ya lango. Moyo wake ulifanya mambo mawili kwa mpigo. Uliruka kumpokea, halafu ukakaa chini, kama mtoto aliyekumbuka kwamba amekatazwa.

Hakupaswa kuwa pale. Wiki ya posa mwanamume haonekani kwenye ua wa mchumba wake. Kesho yake, kabla jua halijachomoza, shangazi na wajomba wa Thatayaone wangefika kutoka Serowe, wanawake wamejitanda shali na kufunga vilemba. Wangekaa chini mbele ya lango hilohilo na kusema maneno yanayosemwa siku zote watu wakija kuomba mke: tumekuja kuomba kibuyu cha kuchotea maji. Kila kitu kilikuwa tayari. Kinywaji cha tangawizi kilikuwa kinachacha ndani ya ndoo mbili zilizofunikwa kwa kitambaa cheupe. Mbuzi alikuwa amefungwa nyuma ya choo. Shali mpya ya mama, ya buluu yenye mistari myeusi, ilikuwa imekunjwa juu ya kitanda, imerudishwa ndani ya karatasi yake ya dukani.

Kitu kimoja tu hakikuwa tayari, nacho ni Kelebonye.

"Usiingie," alisema.

"Sijaingia. Nimesimama barabarani. Barabara ni ya serikali."

Alitaka kucheka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Hata leo, mtu huyu aliweza kumchekesha. Alikuwa amevaa fulana ileile ya kijivu iliyolegea shingoni, na mkononi alishika kifurushi cha karatasi kilicholowa mafuta. Hakuwa amelala. Kelebonye aliyajua macho yake yalivyo yasipolala, upande wa kushoto huwa mwekundu kuliko wa kulia.

"Nimekupigia tangu jana," Thata alisema.

"Najua. Simu ilikuwa mkononi."

"Mkononi, na hukupokea."

"Nilikuwa naitazama inavyolia."

Nyuma yake, barazani, mama yake alikuwa kwenye kiti chake cha mbao akiwa na ungo wa njugumawe mapajani. Alikuwa amekigeuza kiti kitazame kusini, kama alivyokigeuza kila siku. Kwa miaka ishirini na sita Mma Kelebonye alikuwa mchambua almasi huko Gaborone, kwenye ukumbi mrefu wenye madirisha ya kusini, kwa sababu mwanga wa kusini hauwaki wala haudanganyi. Alikaa meza ya nne, ovaroli yake haina mifuko, kibano mkononi, karatasi nyeupe mbele yake. Jiwe likija, alilitazama mara moja tu na kulisukuma kwenye fungu lake. Hili ni jeupe. Hili lina manjano kidogo, kama maji yaliyooshewa mchele. Hili linaelekea kahawia. Wengine walilinganisha na mawe ya kupimia, wakauliza, wakarudia. Yeye hakuwahi kurudia. Kelebonye alikuwa amekaa meza ya kumi na moja kwa miaka saba sasa, na bado alikuwa anarudia.

Jana, Alhamisi, zilitolewa barua thelathini na moja za kuachishwa kazi. Moja ilikuwa ya meza ya nne. Mama yake aliiweka chini ya kiwiko bila kuifungua, akamaliza mawe yaliyokuwa mbele yake hadi la mwisho, akaifuta meza, ndipo akasoma. Hakulia. Pale ukumbini kulia kulikuwa na sheria yake: jicho lililolia halioni rangi sawasawa mpaka kesho yake, na msimamizi akikukuta umelia hukupeleka chumba cha chai. Jana chumba cha chai kilijaa, lakini yeye hakwenda.

"Ulijua tangu lini?" Kelebonye aliuliza.

"Kele..."

"Swali langu ni fupi, Thata."

Alitazama viatu vyake. "Wiki tatu."

Wiki tatu. Kelebonye alirudi nyuma kichwani na kuzipita Jumapili moja moja. Jumapili ya juzi alikaa hapa, kwenye baraza hii, akala nyama ya kupondwa na uji mgumu wa mtama. Mama akaitoa ile shali kwenye karatasi yake, akaitandaza magotini na kumwuliza kama shangazi zake wa Serowe wataipenda buluu.

"Ulimwambia wataipenda."

"Ilikuwa nzuri."

"Ulimwambia wataipenda na jina lake likiwa kwenye orodha."

"Nilitia sahihi kwamba sitasema. Ningesema, ningefukuzwa siku hiyohiyo, na orodha ingebaki vilevile. Ningekusaidia nini?"

"Ungekuwa hapa na sisi," Kelebonye alisema. "Wawili mmefukuzwa, watatu tunakula njugu. Ningekupenda hadi uchoke."

Ng'ambo ya uzio, jirani alikuwa anafagia, na alikuwa amefagia sehemu ileile tangu walipoanza.

Mtu asiyejua atauliza, walikutanaje hawa wawili? Walikutanishwa na jiwe lililoanguka. Pale ukumbini almasi ikidondoka, aliyeidondosha hutamka neno moja tu, "Jiwe," na watu wote husimama hapohapo walipo. Hakuna kunyanyua mguu. Unaweza kukaa nusu saa mguu mmoja ukiwa mbele ya mwingine, mpaka lipatikane. Siku hiyo Thata alikuwa kibarua mgeni aliyekuja kupima waya, na neno likamkuta amesimama mbele ya Kelebonye, pua kwa pua, hawezi kusonga naye hawezi kusonga. Nusu saa nzima walitazamana. Dakika za mwanzo waliona haya. Baadaye wakaanza kunong'ona. Jiwe lilipopatikana, lilikuwa kwenye pindo la suruali yake Thata, na Kelebonye alicheka mpaka msimamizi akamwita kwa jina la ukoo.

Waya aliokuja kuupima ulikuwa wa mashine. Mashine yenyewe ilifika mwezi uliofuata, ndani ya sanduku refu, ina kamera tatu na mkono mwembamba wa chuma unaookota jiwe kama kuku anavyodonoa punje. Ilikuja haijui kitu. Ilibidi ikae na mtu ifundishwe, jiwe baada ya jiwe, miezi minane. Wakaiweka meza ya nne. Na kwa kuwa ukumbi mzima ulishajua habari za Thata na binti wa meza ya kumi na moja, wanawake waliipa mashine jina. Waliiita Mkwe.

"Mma Kele," walimtania, "mkweo wa chuma kaamka salama leo?"

"Kaamka," alijibu bila kuinua macho. "Huyu angalau haombi chai."

"Nataka kukuuliza jambo moja," Kelebonye alisema sasa, mikono yake imejaa majivu. "Ukumbi ule una meza sitini. Kwa nini mlimweka Mkwe kwa mama yangu?"

Thata alikigeuza kifurushi mkononi.

"Ni nani aliyechagua meza?"

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni mama yako." Sauti yake ilishuka. "Nilitaka anijue kabla watu wangu hawajaja. Kibarua kutoka Serowe, baba hana, nani angenipokea? Nikaona, nikikaa pembeni yake kila siku, nikimwita Mma, nikimletea magwinya, yale maandazi ya mviringo, saa ya chai, siku ya posa hatasema simjui huyu. Nikaona pia ni heshima. Ukumbi mzima ungejua kwamba mashine imekosa mwalimu, imemkimbilia yeye. Nilidhani namvika kilemba, Kele."

Kelebonye alisimama polepole. Alikuwa amejiandaa kusikia uongo. Alikuwa na majibu ya uongo wa kila aina.

"Mwache aingie," sauti ya mama ilitoka barazani. "Huyu jirani atalimaliza fagio lake."

Thata aliingia. Alivua kofia, akashika kiwiko cha mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akasalimia kama inavyosalimiwa. "Habari za mchana, Mma."

"Ni nzuri, mwanangu. Umeleta nini?"

Alikitazama kile kifurushi kana kwamba kimewekwa mkononi mwake na mtu mwingine. "Magwinya. Nilipita tu pale ninapopita, nikajikuta nimenunua."

"Weka hapo. Bado ya moto?"

"Kidogo."

Mama alikuwa anachambua. Njugu mbovu na vijiwe alivitupa uani, lakini zilizo nzima nazo alizitenga kwa rangi, bila haja yoyote: nyeupe huku, nyekundu huku, nyeusi kule, na zile zenye madoa peke yake. Vidole vyake vilikwenda vyenyewe. Mara njugu moja ikamponyoka, ikagonga saruji, ikaviringika.

"Jiwe," alisema.

Wote watatu wakaganda walipo. Thata mguu wake mmoja ulikuwa umeinuka kuelekea ngazi, akauacha hapohapo. Kelebonye alikuwa anafuta mikono kwenye aproni, mikono ikakaa. Na kwa kuwa hawakuweza kusonga walitazamana, kama siku ile.

"Ni njugu tu," mama alisema baada ya muda. "Songeni. Hatuko kazini."

Hakuna aliyesonga upesi.

"Mma," Thata alisema, "nimekuja kuomba radhi. Sikujua mwanzoni kwamba watapunguza watu. Walituambia ni ya kuyapumzisha macho yenu. Orodha ilipotoka niliambiwa mashine imeshajifunza vya kutosha kutoka meza ya nne, haina inachokosa. Wanaobaki ni wale ambao mashine haikuweza kuwafuata."

"Kama mimi," Kelebonye alisema. "Ninayerudiarudia."

"Mnaongea kama watu mnaoniletea habari," mama alisema. "Mlidhani sijui? Mkwe alianza kwa kukosea kila jiwe la pili. Nilikuwa namwonea huruma. Alipofikisha miezi mitano akawa ananikaribia. Alipofikisha sita akawa anasema ninachotaka kusema kabla sijafungua mdomo. Siku hiyo nilikwenda nyumbani nikijua kazi yangu imekwisha."

"Mama, ulijua?"

"Mtu humjui aliyekaa na macho yako?"

"Basi kwa nini hukuacha? Ungekosea makusudi. Ungeweka nyeupe kwenye manjano, nani angekujua?"

"Mikono hii haijui kukosea makusudi." Aliokota njugu yenye madoa, akaiinua kwenye mwanga, akaiweka mahali pake. "Na tena huyu alikuwa kibarua. Mzungu wao alisema mbele yangu, akidhani mimi ni kiti, mashine ikifaulu kijana huyu ataandikwa kazi ya kudumu. Kibarua atapata wapi ng'ombe? Wewe una miaka thelathini na mbili, Kelebonye. Umemkataa mwalimu, umemkataa yule wa magari, huyu ndiye uliyemchekea. Nikasema, wacha nimfundishe mkwe wa chuma, nimpate mkwe wa nyama."

Thata alikaa chini pale kwenye ngazi, kofia usoni. Mabega yake yalikuwa yanakwenda juu na chini, na sauti haikutoka.

Kelebonye aliwatazama wote wawili. Mmoja alimpa mama yake heshima, na heshima ile ndiyo iliyomkata. Mwingine alijikata mwenyewe, kimya kimya, jiwe kwa jiwe, kila asubuhi, kisha saa ya chai akala magwinya na kusema asante. Nani wa kugombana naye? Angepata hata mmoja mbaya, angepumua.

"Mjomba Seabelo amepiga simu asubuhi," mama aliendelea, "kutoka kule kwenye mifugo. Anasema hapokei ng'ombe wa mtu huyu. Lakini anasema pia, dada yangu akiniambia nije, nitakuja. Nami nitamwambia aje. Kibuyu kitoke kesho. Shali nimeshanunua."

"Mama, ng'ombe hao wamenunuliwa kwa macho yako."

"Wamenunuliwa kwa mshahara wa huyu."

"Na mshahara wa huyu umetoka wapi?"

Mama alirudi kwenye ungo wake.

"Nitaacha kazi," Thata alisema, akiinuka. "Jumatatu napeleka barua."

"Mashine itasahau?" Kelebonye aliuliza.

"Haisahau."

"Itamrudishia mama meza yake?"

"Hapana."

"Basi usiache. Mmoja wetu awe na kazi ya kueleweka." Alimsogelea. Alikuwa karibu kiasi cha kusikia harufu ya sabuni yake, ile ya kijani ya kufulia, kwa sababu alioga kwa sabuni ya kufulia na hakuna aliyeweza kumkanya. "Thata, nisikilize. Jumatatu mimi naingia ukumbini. Nitakaa mbele ya mashine ile. Itasema hili lina manjano kidogo, na itakuwa ni jicho la mama yangu linalosema. Halafu jioni nirudi kwako nipike, tule, tulale. Na yeye yuko hapa na ungo."

"Tutakaa naye. Nitajenga chumba."

"Najua utajenga. Nitakuwa nakutazama ukijenga, na kila tofali litaniambia." Machozi yalikuwa yamefika, lakini hakuyafuta. "Nitakuja kukuchukia, Thata. Si leo. Nitakuchukia polepole, sahani kwa sahani, na wewe utakuwa unanichekesha tu. Sitaki kufika huko."

"Unanipenda au hunipendi?"

"Usiniulize hilo mbele ya mama."

"Mimi kiziwi tangu jana," mama alisema. "Semeni."

"Nakupenda," Kelebonye alisema. "Ndiyo maana nakwambia leo, kabla watu wako hawajakaa chini pale langoni."

Kwa muda mrefu Thata alimtazama, kama mtu aliyeambiwa asinyanyue mguu. Kisha alitoa simu mfukoni. Shangazi yake alikuwa na sauti ya kuitia ng'ombe, kila neno lilisikika hadi barazani.

"Thatayaone! Hatujasahau kitu. Shali zimekunjwa, mjomba wako tumemnyang'anya chupa tangu asubuhi, analia kama mtoto. Gari linaondoka saa nane usiku. Bibi harusi yuko salama?"

"Yuko salama, shangazi. Shangazi, msije."

"Nini?"

"Kesho msije."

"Wamekikataa kibuyu?"

"Hawajakikataa." Alimtazama Kelebonye, na lile jicho la kushoto lilikuwa jekundu kabisa. "Nimekivunja mimi, shangazi. Nilikuwa nakibeba vizuri sana, nikakivunja."

"Mwanangu. Uko wapi? Umekula?"

Alikata simu. Hakumuaga Kelebonye. Alimwinamia mama, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, ule mkono wa kibano, akaushikilia. Mama akamwachia aushike. Halafu akavaa kofia, akatoka, akafunga lango na kurudisha kile kikomeo kigumu ambacho wageni wote hushindwa kukirudisha. Yeye alikuwa ameshajifunza. Kelebonye alisikiliza hatua zake mpaka fagio la jirani likazifunika.

"Umemrudisha kwa ajili yangu," mama alisema.

"Kwa ajili yangu, Mama."

"Basi nimefundisha bure."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja rangi ya jiwe. Kelebonye alikuja kukaa chini, miguuni pake, akavuta ukingo wa ungo ili amsaidie. Mama aliuzuia mkono wake. Akamshika kidevu, akaugeuzia uso wake kusini, kwenye mwanga uliobaki, na kuyatazama macho ya mwanawe, kwanza moja, kisha la pili.

"Umelia. Aliyelia hachambui. Nenda kanawe."

Alikwenda bombani, akanawa, akakaa hapo ameinama mpaka mikono ikafa ganzi kwa maji. Aliporudi, mama alikuwa bado amekaa vilevile, mgongo umenyooka, vidole vinakwenda, jiwe kwa jiwe, bila kurudia.

Kelebonye alitazama mafungu. Kwenye nyeupe kulikuwa na nyekundu tatu. Nyeusi zilikuwa zimeingia kwenye zile za madoa. Na hata alipokuwa anatazama, vidole vya mama yake viliokota njugu nyekundu kama damu, vikaisukuma taratibu, kwa uhakika, kati ya nyeupe.

Hakumwambia, wala hakumwuliza naye amelia lini. Alilileta lile sufuria la miguu mitatu alilolisugua, akaliweka katikati yao. Akauchukua ungo mapajani mwa mama yake, akayakusanya mafungu yote kwa mikono miwili, na kuzimimina njugu zote sufuriani kwa pamoja.

"Nani atazila zote hizo?" mama aliuliza, uso wake ukiwa bado kusini.

"Tutazila sisi," alisema, akaenda kuwasha moto.